Maneno ya Mpiga Chapa: Jueni Mnachoagiza Kabla ya Kulipa



Somo letu mara hii ni juu ya safari ambayo kila kikundi huifanya siku moja: safari ya kwenda kwa mpiga chapa. Leo ni vitabu vya risiti, kesho ni kadi za wanachama, keshokutwa ni katiba ya kikundi au kadi za mwaliko wa harambee. Pesa za wanachama hutoka, kazi hurudi, na mara nyingi husikika manung'uniko: "Si hivi tulivyotaka!"

Wengi hukimbilia kusema kwamba mpiga chapa ni mwizi. Wako walio wezi, hatukatai. Lakini mara nyingi shida si wizi, ni maneno. Sisi tunasema neno tukiwa na maana yetu ya nyumbani, naye analisikia kwa maana ya kazi yake. Yeye huchapa kile kilichoandikwa kwenye agizo. Hachapi kile kilichokuwa moyoni mwetu.

Hebu tuanze na kisa cha kikundi chetu wenyewe.

KISA CHA RISITI NAMBARI 017

Kikundi chetu cha akiba na mikopo kilikuwa kimekua. Daftari la shule halikutosha tena. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tukaona sasa ni wakati wa kuwa na risiti zenye jina letu. Mwenyekiti, katibu na mimi tukapanda matatu kwenda mjini. Tukaandika agizo letu hivi: "Vitabu 20 vya risiti, kurasa 100 kila kimoja, nambari zianze 001."

Karani akatuonyesha karatasi moja ya mfano. Juu kulikuwa na jina la kikundi, chini mahali pa sahihi, na pembeni nambari 001. Ikapendeza. Akasema, "Mama, weka sahihi hapa kama iko sawa." Mwenyekiti akaweka. Matatu ilikuwa inapiga honi.

Vitabu vilipokuja tulishangaa mara moja. Kila kitabu kilikuwa na risiti 50 tu, si 100. Karani akatueleza kwa upole: "Karatasi ni 100, mama. Hamsini za kumpa mtu, hamsini za kubaki kitabuni." Tukanyamaza, tukarudi nyumbani.

Jambo la pili hatukuliona siku hiyo. Kila kitabu, vyote 20, kilianza na nambari 001. Mweka hazina akatumia kitabu kimoja, na msaidizi wake wa upande wa pili wa mto akatumia kingine. Mwisho wa mwaka mkaguzi akashika risiti mbili zenye nambari 017. Majina tofauti, pesa tofauti. Akageuza kurasa, akakuta mbili za 018, mbili za 019. Mkutano ukachafuka. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba mama anaandika risiti mbili na kutia moja mfukoni.

Tutarudi kwa kisa hiki mwishoni. Kwanza tujifunze maneno ambayo yangetuokoa.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO YA KARATASI

1. Karatasi, ukurasa na seti. Karatasi moja ina pande mbili, kwa hiyo ina kurasa mbili. Ukurasa ni upande mmoja tu. Ukisema "kurasa 100", mmoja ataelewa karatasi 50, mwingine ataelewa karatasi 100. Kwa vitabu vya risiti, acheni kabisa kutumia neno ukurasa. Semeni seti. Seti ni risiti ya kumpa mtu pamoja na nakala zake. Seti ya nakala mbili ina karatasi mbili: ya mwenye kulipa na ya kubaki kitabuni. Seti ya nakala tatu ina karatasi tatu. Basi sema: "Kila kitabu kiwe na seti 50, kila seti karatasi mbili." Hapo hakuna wa kukosea.

Kwa kijitabu kama katiba, kumbukeni pia hesabu ya nne. Karatasi ikikunjwa katikati hutoa kurasa 4. Kwa hiyo kijitabu cha kukunja na kupigwa pini huenda kwa 4, 8, 12, 16, 20. Katiba yenu ikiwa na kurasa 18, mtalipia 20, na mbili zitabaki tupu. Afadhali mzitumie kwa orodha ya faini au nafasi ya sahihi.

2. Saizi. Karatasi ya kawaida ya barua inaitwa A4. Ina upana wa milimita 210 na urefu wa milimita 297. Ikunjeni katikati mara moja, mmepata A5. Ikunjeni tena, mmepata A6, ambayo inatosha kwa risiti ndogo. Mkiunganisha A4 mbili ubavu kwa ubavu mnapata A3, nzuri kwa tangazo la ukutani. Angalieni jambo hili linalowachanganya wengi: nambari ikipanda, karatasi inapungua. A6 ni ndogo kuliko A5. Fulskapu tuliyoizoea shuleni si A4. Ni ndefu zaidi, na haiingii vizuri katika faili la A4.

3. Rimu. Rimu ni fungu la karatasi 500. Neno hili lilipita lugha nyingi, lakini mwanzo wake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mzigo uliofungwa. Fungu likiwa limefunguliwa, hesabuni. Duka la pembeni linaweza kuwauzia "rimu" ya karatasi 400 na msijue.

4. Gramu. Hapa ndipo wengi huuziwa karatasi nyembamba kwa bei ya karatasi nzito. Kwenye fungu mtaona maandishi kama 70 gsm au 80 gsm. Maana yake ni uzito wa karatasi yenye ukubwa wa mita moja ya mraba. Karatasi ya gramu 80 ni ile ya kawaida ya barua. Gramu 60 au 70 ni nyepesi kidogo. Kadi ya mwanachama inahitaji karatasi ngumu ya gramu 250 hadi 300, la sivyo itachakaa mfukoni kabla mwaka haujaisha. Watu wetu wengi huita karatasi ngumu "manila". Neno hilo mpiga chapa analijua, lakini manila ziko nzito na nyepesi, kwa hiyo tajeni na gramu.

Mnaweza kupima wenyewe kwa mizani ya duka. Karatasi 16 za A4 zikipangwa pamoja zinatimiza mita moja ya mraba. Kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na rimu nzima ni kilo 2 na nusu. Rimu ya gramu 70 ni karibu kilo 2 na gramu 200. Rimu ya gramu 60 haifiki kilo 1 na gramu 900. Mkiambiwa ni gramu 80 na mizani ikasema kilo 2 na kidogo, mmeshajua. Mizani haina upendeleo.

5. Karatasi ya kaboni na karatasi ya kujinakili. Zamani tuliweka kaboni nyeusi kati ya karatasi mbili, na vidole vikawa vyeusi. Vitabu vingi vya leo hutumia karatasi ya kujinakili. Upande wa chini wa karatasi ya juu umepakwa dawa iliyo ndani ya vijipovu vidogo sana. Kalamu ikikandamiza, vijipovu hupasuka, dawa inakutana na dawa nyingine iliyopakwa juu ya karatasi ya pili, na maandishi yanatokea. Ni safi, lakini ina masharti matatu. La kwanza, wekeni kadi ngumu chini ya seti mnayoandika, la sivyo maandishi yatapita mpaka seti ya pili na ya tatu. La pili, andikeni kwa kalamu ya wino mgumu na kwa nguvu, si kwa kalamu laini. La tatu, msiviweke vitabu juani au karibu na jiko, kwa maana nakala hufifia.

6. Karatasi ya joto. Hii si ya kuagiza, lakini mweka hazina lazima aijue. Ni ile risiti nyororo inayotoka kwenye mashine ya dukani. Haina wino kabisa. Mashine huichoma kwa joto na karatasi inageuka rangi. Ikwaruzeni kwa ukucha: ikitoa mstari mweusi, ni karatasi ya joto. Ikikaa kwenye mfuko au juani hufifia hadi kubaki nyeupe. Mmenunua mbolea ya elfu nyingi, na wakati wa ukaguzi mnaonyesha kikaratasi kitupu! Ipigeni kopi siku hiyo hiyo na kuibana pamoja na ya kwanza.

Mwisho wa sehemu hii, neno juu ya bei. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kando ya mto Nzoia, kilianza kazi mwaka wa 1974, na kwa miaka mingi madaftari mengi ya watoto wetu yalitoka huko. Mwaka wa 2009 kilisimama, na ingawa baadaye kilipata mwenyewe mpya, karatasi nyingi za kuandikia nchini huagizwa kutoka ng'ambo. Zinanunuliwa kwa dola. Shilingi ikishuka, karatasi hupanda. Ndiyo sababu mpiga chapa akiwapa bei leo huandika siku ambayo bei hiyo itakwisha. Msikae nayo miezi mitatu halafu mkamlaumu.

SEHEMU YA PILI: MANENO YA KAZI YENYEWE

7. Kopi, dijitali na ofseti. Hizi ni njia tatu za kutoa nakala. Kopi mnaijua. Dijitali ni mashine inayochapa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta. Haina matayarisho mengi, kwa hiyo ni nafuu kwa nakala chache. Ofseti ni mashine kubwa inayotumia bamba. Bamba ni kipande chembamba cha madini kinachobeba sura ya kazi yenu. Wino hushika kwenye maandishi tu, huhamia kwenye mpira, na kutoka kwenye mpira huingia kwenye karatasi. Kutengeneza bamba na kuiweka mashine tayari kuna gharama yake hata kama mtachapa nakala moja.

8. Gharama ya matayarisho. Hiyo ndiyo sababu kitabu kimoja huwa ghali, na vingi huwa nafuu. Tufanye hesabu ya mfano. Hizi si bei za soko. Tuseme matayarisho ni shilingi 2,000, na karatasi pamoja na kazi ni shilingi 100 kwa kila kitabu.

Vitabu 10: 2,000 + 1,000 = 3,000. Kila kimoja ni shilingi 300.
Vitabu 20: 2,000 + 2,000 = 4,000. Kila kimoja ni shilingi 200.
Vitabu 50: 2,000 + 5,000 = 7,000. Kila kimoja ni shilingi 140.

Mtu atasema, basi tuchukue 50! Ngojeni. Kikundi chenu hutumia vitabu vingapi kwa mwaka? Kama ni vinne, vitabu 50 ni vya zaidi ya miaka 12. Nambari ya simu itabadilika, mchwa wataingia. Cha rahisi kisichotumika ni ghali.

9. Rangi. Kila rangi ya wino katika ofseti ni bamba lake. Rangi moja si lazima iwe nyeusi. Inaweza kuwa buluu au kijani, na hesabu yake ni ya rangi moja. Ikiwa mnataka risiti ipendeze kwa bei ndogo, chapeni rangi moja kwenye karatasi ya rangi: ya juu nyeupe, nakala ya manjano au ya waridi. Hii inasaidia pia kujua ipi ya kumpa mtu na ipi ya kubaki. Picha za rangi zote, kama kwenye kalenda, huchapwa kwa wino nne tu: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Vidoto vya wino hizo vikikaa karibu karibu, jicho huona rangi nyingine zote. Ndiyo maana wanasema "kazi ya rangi nne".

10. Pointi. Huu ni ukubwa wa herufi. Pointi 72 ni inchi moja. Gazeti hutumia herufi ndogo, lakini katiba itakayosomwa na wazee wetu kwa taa isiwe chini ya pointi 12. Msikubali kubaniwa herufi ili kurasa zipungue.

11. Nembo na picha. Picha ikipitishwa kwenye WhatsApp kutoka simu hii hadi ile hupunguzwa kila mara, na ikichapwa inaonekana kama imetazamwa kupitia chandarua. Itumeni kama dokumenti, si kama picha, au mpelekeeni mpiga chapa ile ya mwanzo.

12. Ukingo na kukata. Baada ya kuchapwa, karatasi hukatwa kwa kisu kikubwa. Maandishi yaliyo karibu na mwisho wa karatasi yanaweza kukatwa nayo. Acheni nafasi pande zote, na upande wa pini muache nafasi zaidi, kama sentimita mbili, la sivyo nambari itajificha ndani ya mkunjo.

13. Matobo. Ni ule mstari wa vitundu vidogo unaosaidia kuchana risiti bila kuirarua. Kama hamkuandika "karatasi ya kwanza iwe na matobo, ya pili isiwe na matobo", mnaweza kupata yote mawili yenye matobo. Hapo nakala ya kubaki itachanika nayo, na ushahidi wenu utapotea upepo ukivuma.

14. Kujalidi. Ni kufunga karatasi ziwe kitabu. Kuna kupiga pini, kupaka gundi, kutia waya wa mviringo, na kushona kwa uzi. Gundi peke yake ni ya vitabu vya kuchana na kutupa. Kwa risiti, ombeni pini pamoja na utepe wa kitambaa mgongoni. Daftari la hesabu linaloshikwa kila wiki kwa miaka ni heri lishonwe na liwe na jalada gumu. Neno lenyewe jalada lina asili ya Kiarabu ya ngozi, kwa kuwa vitabu vya zamani vilivikwa ngozi ili vidumu.

15. Nambari. Hapa ndipo sisi tulipoanguka. Msiseme "zianze 001". Semeni zianze wapi, ziishe wapi, na ziendelee kutoka kitabu hadi kitabu. Vitabu 20 vya seti 50 ni seti 1,000. Basi kitabu cha kwanza ni 0001 hadi 0050, cha pili ni 0051 hadi 0100, na cha ishirini ni 0951 hadi 1000. Mwandike pia kwamba nambari ya risiti na ya nakala yake ziwe sawa, na kwamba jalada la kila kitabu liandikwe nambari zilizomo ndani. Mkiagiza tena mwaka ujao, mtaanzia 1001. Hakuna risiti mbili zitakazofanana hata siku moja.

16. Prufu. Ni karatasi ya mfano mnayopewa mkague kabla ya kuchapa. Sahihi yenu kwenye prufu inamaanisha: "Tumesoma, tumekubali, kosa lililobaki ni letu." Kwa hiyo prufu si ya kutazamwa kama picha ya arusi. Mmoja ashike agizo na kusoma kwa sauti, mwingine afuate kwa kidole kwenye prufu. Nambari za simu na za akaunti zisomwe tarakimu moja moja. Majina ya watu yaulizwe wenyewe. Na prufu ya risiti isiwe karatasi ya kwanza tu. Ombeni kuona risiti ya mwisho ya kitabu cha kwanza na risiti ya kwanza ya kitabu cha pili. Kama tungeomba hiyo, tungeona 001 mara mbili, na mambo yangekwisha pale pale.

Msiweke sahihi mkiwa na haraka ya matatu. Matatu nyingine itakuja.

SEHEMU YA TATU: MANENO YA PESA

17. Kwotesheni. Ni karatasi ya bei kabla ya kazi. Tafuteni tatu kutoka kwa wapiga chapa watatu. Lakini angalieni: mkimwambia mmoja "risiti ndogo" na mwingine "risiti za A6, seti 50", bei mtakazopata haziwezi kulinganishwa. Agizo liwe moja, neno kwa neno, kwa wote watatu. Ulizeni pia kama bei imejumuisha VAT na gharama ya kuleta. Bei iliyo chini kwa sababu imeficha kodi si bei ya chini.

18. Malipo ya kwanza. Wengi huomba nusu kabla ya kuanza, kwa sababu wanaenda kununua karatasi. Si vibaya, mradi mpewe risiti. Msilipe yote kabla ya kazi kukaguliwa.

19. Hati ya kupokea mali. Ni karatasi mnayoweka sahihi mkichukua mzigo. Kabla ya kuweka sahihi, hesabuni vitabu, fungueni viwili au vitatu, mtazame nambari, matobo na pini. Ankara ni jambo lingine: ni karatasi ya kudai pesa. Na risiti ni ushahidi kwamba pesa zimelipwa. Msichanganye ankara na risiti kwenye faili, maana ankara haithibitishi kwamba mmelipa.

MFANO WA AGIZO

Nakilini huu kwenye daftari la katibu na kubadilisha kulingana na haja yenu:

"Vitabu vya risiti 20. Saizi A6. Kila kitabu seti 50. Kila seti karatasi mbili za kujinakili, ya kwanza nyeupe, ya pili ya manjano. Wino rangi moja, buluu. Nambari ziendelee kutoka kitabu hadi kitabu, 0001 hadi 1000, zikiwa sawa kwenye risiti na nakala. Karatasi ya kwanza iwe na matobo, ya pili isiwe nayo. Kujalidi kwa pini na utepe wa kitambaa. Jalada gumu, lenye kuandikwa nambari zilizomo. Kadi moja ya kuweka chini ya seti katika kila kitabu. Prufu ionyeshwe kabla ya kuchapa. Tafadhali tupeni bei yote pamoja na VAT, na siku ya kumaliza."

Sasa tazameni jinsi hesabu ya karatasi ilivyo nyepesi. Seti 1,000 mara karatasi mbili ni karatasi 2,000 za A6. A4 moja hutoa A6 nne. Basi 2,000 gawa kwa 4 ni 500: sawa na rimu moja, mbali na chache za kuharibika wakati mashine inajaribiwa. Mtu akiwaambia kazi hii imemeza rimu tatu, mwulizeni kwa adabu zimekwenda wapi.

MWISHO WA KISA

Baada ya ule mkutano, kamati ilikaa siku mbili nzima. Tuliandika herufi kwenye jalada la kila kitabu: A, B, C na kuendelea. Tulimwita kila mwanachama alete risiti zake, tukazilinganisha na nakala, kitabu kwa kitabu. Nambari 017 ya kwanza ilikuwa ya kitabu A, ya pili ilikuwa ya kitabu B. Tulipojumlisha, pesa zilitimia mpaka shilingi ya mwisho. Mama hakuwa amechukua hata senti.

Tulimwomba msamaha mbele ya watu wote, na yule aliyesema alisimama akaomba msamaha naye. Mama akatusamehe. Lakini tulipomsihi ashike tena kazi ya hazina, alikataa. Alisema, "Nimewasamehe, lakini kalamu hiyo mpeni mwingine." Mpaka leo hatujapata mweka hazina makini kama yeye. Mpiga chapa tulimlipa shilingi zake, lakini gharama kubwa ya kazi ile hatukuilipa kwake.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye kwanza huketi na kupiga hesabu ya gharama. Kikundi kinachoagiza risiti kinajenga mnara wa uaminifu. Kiketi kwanza. Na kuuliza si ujinga: mkifika kwa mpiga chapa na kusikia neno msilolijua, mwambieni, "Kijana wangu, hebu nieleze hilo neno kabla sijaweka sahihi."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Leteni kitabu cha risiti cha kikundi chenu. Je, nambari zinaendelea kutoka kitabu hadi kitabu? Kama hazifanyi hivyo, mtavitenganishaje vitabu mlivyo navyo sasa?

2. Chukueni karatasi ya A4, mkaikunje mpaka mpate A6. Je, maneno yote ya risiti yenu yanaenea hapo, au mnahitaji A5? Mkichagua A5, vitabu 20 vya seti 50 vitatumia rimu ngapi? (Jibu: 2.)

3. Mweka hazina atoe risiti za dukani za mwaka uliopita. Zikwaruzeni kwa ukucha. Ngapi ni za karatasi ya joto, na ngapi zimeshaanza kufifia?

4. Katika kisa, nani alikosea: karani, kamati, au yule aliyesema mkutanoni? Kama mngekuwa nyinyi, mngefanya nini kabla ya kumtaja mtu kwa wizi?

ZOEZI LA NYUMBANI

Katibu aandike agizo la kadi za wanachama kwa kutumia maneno ya somo hili: saizi, gramu, rangi, nambari, idadi. Mtu mwingine ambaye hakuwepo alisome na kueleza kadi itakuwaje. Kama maelezo yake yanalingana na yale mliyokusudia, agizo liko tayari kwenda mjini. Kama hayalingani, liandikeni upya. Karatasi ya daftari ni rahisi kuliko ya mpiga chapa.

Bwana awabariki katika kazi ya mikono yenu.